Pimbi na Ngoma ya Mguu Mmoja

Paukwa.

Pakawa.

Semeni tena, hiyo ya kwanza imetoka puani.

Pakawa.

Haya. Mwaka huo jua liliwaka mpaka mito ikabaki mawe. Maji yakabaki kwenye kisima kimoja tu, juu ya jabali. Fisi akakilalia, akasema, "Anayetaka maji acheze ngoma ya mguu mmoja. Akimaliza, anateka. Akianguka, ni kitoweo changu."

Swala akacheza. Akaanguka. Kwachu, kwachu. Digidigi akacheza. Akaanguka. Kwachu, kwachu. Fisi akanenepa hata akawa anasinzia amekaa.

Sasa Bi Pimbi ana watoto, ndimi zimewakauka kama maganda. Na yeye hakuwahi kucheza hata kwenye harusi yake. Miguu mifupi, mkia hana, aibu tele. Akaenda kwa shoga yake Korongo, yule ndege anayelala kwa mguu mmoja.

"Shoga, nifundishe."

"Kwa miguu hiyo?"

"Ndiyo niliyopewa."

Korongo akamwonyesha: mguu juu, kiuno kizunguke, mabega yatetemeke, uso utulie kama umeshiba. Pimbi akanyanyua mguu. Tu, chini.

"Umeanguka," akasema Korongo.

"Najua. Niko huku chini mimi."

Akanyanyua tena. Tu. Akanyanyua tena. Tu. Akakaa vumbini akalia. "Naogopa, shoga."

"Ogopa huku umenyanyua mguu."

Akanyanyua. Akaanguka mpaka makalio yakaota sugu, lakini jambo moja akalijua: ukianguka huku unazunguka, anayetazama hudhani umependa.

Kesho yake akapanda kisimani. Kobe akapiga ngoma. Ndi-ndi-ti, ndi-ndi-ti. Pimbi akacheza, mguu juu, kiuno hicho. Wimbo ukafika mwisho, Kobe akainua mikono.

"Piga," akasema Fisi. "Nani kakwambia uache?"

Ndi-ndi-ti. Mguu wa Pimbi ukaanza kutetemeka, wala si kwa madaha. Akawa anakwenda chini. Akazunguka, akarudi kinyumenyume, akafumba macho, akatabasamu. Wanyama wakapiga vigelegele.

Fisi akasimama. "Hiyo nini? Mimi sina hiyo."

"Ya wakubwa, Bwana Fisi. Utaumia kiuno."

"Kila kizuri ni changu. Nifundishe."

"Nyanyua mguu. Fumba macho. Rudi nyuma, na usifumbue mpaka ngoma inyamaze. Anayefumbua ameshindwa."

Fisi akafumba. Ndi-ndi-ti.

"Nyuma kidogo. Kiuno, Bwana Fisi."

"Napendeza?"

"Kama bwana harusi. Nyuma kidogo."

"Napendeza?"

"Mno. Nyuma kidogo."

Mara hakukuwa na nyuma tena, kulikuwa na genge. Puu.

Kobe akapiga kidogo tena, kwa adabu, kisha akaacha. Watoto wa Pimbi wakanywa mpaka matumbo yakalia bwabwabwa.

Basi funzo lake ni hili: mwanamke mwenye miguu mifupi asijifunze ngoma mpya, watu watamcheka. Akae nyumbani, wanawe wafe kiu kwa heshima.

Hadithi imekomea hapo. Ikiwa tamu, ni yangu. Ikiwa chachu, mlisikiliza vibaya.