Bomba la Chooni na Mafundi Watatu

Sogeeni. Anayetafuna ameze kwanza, maana hadithi niliyo nayo leo ni chafu, na mimi kila nikiisimulia natema mate.

Mnanijua. Mimi ni Sista Mhavile. Nimekuwa nesi miaka ishirini na saba, nimefunga vidonda ambavyo wenye navyo hawakutaka hata kuviangalia, kwa hiyo si mtu wa kuona kinyaa ovyo. Nilipostaafu watu walitarajia nitafuga kuku. Nikanunua kigari chekundu cha mashindano, nikawa nashindana kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji wetu wa Iringa. Na kila mara nilikuwa nashindwa.

Nilikuwa na mafundi watatu, wote wa gereji moja, wote wakila mchana sahani moja ya ugali. Gasto alikuwa na kipaji cha kujua ugonjwa wa gari. Tulinagwe, mwanamke pekee pale gereji, alikuwa na mikono. Sijaona kitu kigumu kilichomshinda kukipinda. Fidelis yeye alijaliwa jicho la kuona palipovuja, hata pawe padogo kama tundu la sindano.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu. Mashindano yetu ni mizunguko minane. Mitatu ya kwanza kigari kilikimbia kama kimefukuzwa na nyuki. Wa nne kilianza kuchoka, wa tano hata pikipiki ya muuza maziwa ingekipita. Mafundi wa mji mzima walishabadilisha plagi, wakabadilisha pampu ya mafuta, wakashauri nibadilishe na dereva.

Gasto hakushika spana siku tatu. Kila nilipotoka uwanjani alifungua boneti, akaweka kiganja juu ya kopo la filta ya hewa, akakiacha hapo mpaka akaungua. Siku ya nne akanijia na kiganja chenye malengelenge.

"Sista, gari lako haliumwi. Linahema hewa ya moto."

"Hewa ya moto inatoka wapi?"

"Filta imekaa jirani na ekzosi. Injini ikishapata joto, inanyonya joto lake yenyewe. Wewe ungekimbia mizunguko minane umejifunika blanketi usoni? Ing'olewe taa ya kushoto, tuvute hewa ya baridi kutoka nje kupitia tundu lake."

Hakuna mwingine aliyekuwa ameliona hilo. Mimi mwenyewe nesi, najua maana ya kukosa hewa, na sikuliona.

Basi likahitajika bomba. Lilitakiwa lipite kati ya betri na bodi, lipinde mara mbili, na lisiwe na kona kali ya kuizuia hewa. Madukani lilikuwapo la nyumba, jembamba, na viungo vyake vina kona kama za ukuta. Tulinagwe akapotea asubuhi nzima, akarudi na bomba pana la plastiki begani. Nikamuuliza amelitoa wapi. Akasema kule sokoni wanabomoa choo cha zamani, na hili ndilo lililokuwa linatoa harufu juu.

Nilitoka nje kidogo.

Niliporudi alikuwa ameshaliosha kwa dawa mara tano. Nikalinusa. Bado. Yeye hakujali. Alikaanga mchanga kwenye kipande cha bati, akaujaza ndani ya bomba, akaziba ncha kwa matambara, akasubiri plastiki ilainike. Kisha akalizungusha taratibu kwenye ringi ya gari huku mikono imefungwa magunia. Mchanga ulilizuia lisibonyee. Alipoumwaga, bomba lilikuwa limepinda mara mbili, laini, kama limezaliwa hivyo. Na lilikuwa moja tu. Angelikosea, hapakuwa na lingine.

Sasa mkononi tuna njia ya hewa, lakini hewa ya Iringa wakati wa kiangazi ni nusu vumbi, na vumbi likiingia kwenye injini ndiyo mwisho wake. Hapo ndipo Fidelis alipofanya kazi. Alikata sponji ya godoro kuukuu la mwanawe mdogo, mtoto ambaye, tuseme tu, alikuwa hajaacha kukojoa kitandani. Akaifua, akailowesha oili, akaifunga juu ya wavu. Akakata debe la mafuta ya kupikia, akatengeneza sanduku la kuikinga filta na bomba lisiyeyuke kwa joto la injini. Kila kiungo akakibana kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mwisho akaziba upande mmoja kwa kiganja, akatia mdomo upande wa pili, akanyonya kwa nguvu.

"Fidelis! Hilo ni bomba la chooni!"

Akapangusa midomo kwa mkono wa shati. "Likivuja, Sista, injini inakula vumbi. Mzunguko wa pili tu, tunakusukuma."

Akatia mdomo tena.

Nawaambia kweli, siku zile niliwapenda watu wale. Uchafu wao ulikuwa uchafu wa kazi, na sabuni iliuweza.

Waandaaji wa mashindano walikuwa na desturi yao. Dereva mshindi anapewa kombe. Fundi wake anapelekwa Arusha mwaka mzima, kwenye gereji kubwa ya magari ya mashindano, akasomee injini, na akirudi anarudi mtu mwingine. Fomu ya kuandikisha gari ina mstari wa jina la fundi. Mstari mmoja. Siku ya kuijaza niliwaita wote watatu, wakacheka, wakapigana vikumbo, wakasema, "Acha wazi kwanza, Sista. Ushinde, halafu tutaelewana. Sisi ni ndugu." Nikauacha wazi. Hilo ndilo lililokuwa kosa letu.

Siku ya mashindano ikafika. Mzunguko wa nne nilisubiri kigari kichoke. Hakikuchoka. Wa sita nilimpita aliyekuwa wa pili, wa saba nikampita wa kwanza, nikamaliza wa nane naimba peke yangu ndani ya kofia ya chuma.

Mwandaaji akaja na ile fomu. "Hongera, mama. Jina la fundi, kabla bendera haijashushwa. Likikosekana, nafasi inakwenda kwa fundi wa aliyeshika namba mbili."

Wakaanza kunijia mmoja mmoja, nyuma ya gari.

Gasto alisema, "Bila mimi wangekuwa bado wanabadilisha plagi. Hao wawili ni mikono tu, Sista. Mikono iko mingi, unaokota popote."

Tulinagwe alisema, "Bila mimi wangekuwa wanapiga hadithi tu za taa iliyong'olewa. Gasto ni mdomo. Yule mwingine ni fundi godoro. Utampeleka Arusha mtu wa godoro?"

Fidelis ndiye aliyenimaliza. Alisema, "Bila mimi injini ingekufa." Na hilo ni kweli. Kisha akaniinamia sikioni. "Halafu huyo dada, mwandaaji akijua bomba amelitoa chooni, watamcheka mpaka Arusha. Nikamwambie?"

Mdomo ule ule uliolinyonya lile bomba! Miaka ishirini na saba wodini sijawahi kutapika, na siku ile, nimeshika kombe, nilitaka kutapika.

Nikawakusanya. Nikawaambia, "Nendeni pale pembeni, mje na jina moja. Lolote. Nitaliandika."

Wakaenda. Nikawaona wakinyoosheana vidole, kisha wakatulia, kisha wakaitikia kwa vichwa kwa pamoja. Nikafurahi, mjinga mimi. Wakarudi wamepangana mstari, na Tulinagwe akawasemea.

"Tumekubaliana, Sista. Gasto anasema kama siyo yeye, bora mstari ubaki wazi. Mimi nasema kama siyo mimi, bora ubaki wazi. Na Fidelis hivyo hivyo. Acha wazi."

"Nafasi iende kwa watu wengine?"

"Iende."

Hakuna aliyeangalia chini. Hakuna aliyeona aibu. Kwa mara ya kwanza siku ile walikuwa wamekubaliana jambo, na jambo lenyewe ndilo hilo. Nikawaangalia nyuso zao moja moja, nikaona kinyaa ambacho dawa yake sijawahi kuiona kwenye kabati lolote la hospitali.

Lakini kazi yao haikuwa na kosa. Kigari kilikuwa pale kimeshinda, kinapoa taratibu. Mwandaaji alikuwa ameshaanza kufungua kamba ya bendera, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Nilichofanya nakijua mimi na aliyeipokea ile fomu, na hapa hamtakisikia. Nataka kusikia ninyi, hasa wewe uliyekunja uso hapo nyuma. Ungemwandika Gasto aliyeuona ugonjwa, Tulinagwe aliyelipinda bomba, au Fidelis aliyeizuia injini isife? Au ungewapa kile kitu kimoja walichokuomba wote watatu kwa sauti moja?