Bi Pimbi na Kiapo cha Bwawani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na milango ya kubishiwa hodi, bwawa moja lilitenga nchi mbili: huku kwa Simba, ng'ambo kwa Chui. Wakubwa hao walikuwa wameapa kwamba majini hapamwagwi damu.

Siku moja ya kiangazi, chubwi! Simba akamdaka mtoto wa Swala akinywa maji. Akamla palepale. Wote waliona. Wote wakainamisha vichwa, wakaendelea kunywa.

Bi Pimbi, jirani wa Swala, ndiye aliyempikia mfiwa uji. Aliukoroga kwa hasira mpaka mwiko ukakatika, ka!

"Kiapo gani hiki?" alifoka. "Cha kutufunga sisi wadogo tu?"

"Nyamaza, dada," Swala akalia. "Nani atamshtaki Simba?"

"Hashtakiwi, lakini anapenda sifa huyo!"

Mbio mpaka kwa Simba. "Hodi! Shikamoo, mzee. Chui anajigamba ng'ambo kuwa mwenye neno moja ni yeye. Wewe, eti, mwizi wa vitoto! Raia wako wanafunga mizigo wamhamie."

"Mimi? Mwizi?" Simba akanguruma, vyungu vikatikisika.

"Basi kesho kaape upya hadharani, na wanao wakusikie."

Akazunguka bwawa, akamwambia Chui yaleyale, majina kayageuza.

Kulipokucha, kila mmoja ukingoni kwake, wakashindana kuapa.

"Atakayemwaga damu hapa, nitamrarua!"

"Mimi nitamrarua zaidi!"

Vigelegele! Nchi zote mbili zikashuhudia.

Kiangazi kikazidi. Simba, njaa ikimkwangua tumbo, akamnyemelea digidigi majini. Ng'ambo, Chui akasimama, macho kodo. Nyuma ya Simba, mwanawe akauliza, "Baba, si uliapa?"

Simba akameza mate, gluk! "Nani kasema nawinda? Nina kiu tu!" Akanywa, akaondoka mkia chini.

"Amekuwa mwema?" Swala akanong'ona.

"Mwema wapi!" Bi Pimbi akatema mate. "Anaogopa kuchekwa. Mwanao harudi, na mimi simsamehe mpaka naingia kaburini. Ila hao watoto wake, watakikuta kiapo hiki kimeshakuwa desturi."

Na kweli, wale watoto walikua wakiona haya hata kulitazama bwawa kwa njaa, wasijue ni uongo wa nani uliowalea.

Mwenye nguvu asipokuwa na huruma, mfungeni kwa sifa anazojipa.