Kigae cha Mama Kwenye Chungu cha Binti

Twangeni, wasichana, twangeni. Nimewasikia tangu asubuhi mkinung'unika: eti kwa nini tuchoshwe na vigae vikuukuu ilhali udongo umejaa tele bondeni? Haya. Mikono iendelee na kazi, masikio nipeni mimi.

Kulikuwa na wakati vyungu vya milima hii vilifinyangwa kwa udongo mtupu. Mwanamke akifa, chungu chake kilizikwa naye, kizima, na hakuna aliyeona ubaya. Ukoo ulihifadhiwa vinywani mwa bibi zetu. Mtoto akizaliwa hakuonyeshwa jua mpaka bibi mmoja asimame mlangoni amtaje mama wa mtoto, na mama wa huyo mama, na wa huyo tena, hadi kumbukumbu imwishie. Sisi ukoo wetu ni wa mama. Baba tunampenda na kumheshimu, lakini katika kutaja huko hayumo, na asinune.

Siku hizo aliishi mfinyanzi kijana, Namene. Mwaka wa njaa kubwa alikutwa njiani, mtoto wa miaka kama minne, ameketi kando ya maiti ya mama yake. Mkononi ameshika kigae walichobebea moto, maana msafiri wa zamani alichukua makaa kwenye kipande cha chungu kilichovunjika ili akifika asihangaike kupekecha moto mpya. Makaa yenyewe yalikuwa yamezimika. Mjane mmoja, Asenga, akambeba, akamlea, akamfundisha ufinyanzi. Msidhani aliteswa. Alipendwa sana, akakua, akaolewa, akazaa mtoto wa kike.

Asenga akasimama mlangoni. "Mtoto huyu ni wa Namene," akasema. "Namene ni wa..." Majirani wakamnong'oneza ajitaje yeye, kwani nani atamuuliza? Asenga akakataa katakata. "Mimi nimemlea, sikumzaa. Siwezi kumwanzishia mtoto maisha kwa uongo." Wote wakamgeukia Namene, na Namene akainamisha kichwa. Mama yake alimjua kwa jina moja tu, lile lile ambalo kila mtoto mdogo humwita mama yake. Jingine hakuwahi kulisikia.

Lo, kumbe uchungu ulikuwapo siku zote! Miaka yote aliwasikia wenzake wakitaja mama zao akacheka nao, akidhani amezoea. Sasa kila akimnyonyesha mtoto gizani mle ndani alitamani kumwona mama yake, hata kwa muda wa kupepesa jicho, amuulize neno moja tu. Baada ya mwezi uvumilivu ukamshinda. Akamfunga mtoto mgongoni, akamfunika gubigubi jua lisimwone, akachukua kile kigae na kushika njia ile aliyokutwa, ya kupanda mto.

Kila kijiji alichofika aliulizia wafinyanzi. Wa kwanza walikigeuzageuza kigae wakasema, "Udongo huu una mchanga unaometameta. Wetu haumeti. Panda juu zaidi." Akapanda. Siku ya tatu mama mmoja akatazama alama za ukucha kwenye ukingo wa kigae, palipokuwa mdomo wa chungu, akaangua kicheko. "Si Nantindi huyu? Jembe lilimpasua ukucha wa gumba akiwa msichana. Wenzake wote wakiminya unatoka mstari mmoja, yeye akiminya inatoka miwili. Tulimtania mpaka tukachoka wenyewe! Yupo, kule kileleni."

Nantindi alikuwa ajuza, macho yamekwisha. Namene akapiga magoti, akamwekea kigae kiganjani. Gumba la yule bibi likapapasa ukingo, likasimama. Ukucha uliopasuka ukaingia kwenye ile mistari miwili, ukatulia humo.

"Chungu hiki nilimpa Limbende siku aliyotoka hapa kwenda kuolewa, tukiwa tumegombana," bibi akasema. "Limbende mwanangu. Mbona haingii ndani? Bado amenikasirikia?"

Hivyo ndivyo Namene alivyolipata jina la mama yake, na papo hapo ikambidi aseme kwamba mwenyewe hatakuja. Wakashikana, wakalia, yule akimlilia mtoto aliyemngoja miaka ishirini, huyu akimlilia mama ambaye ndiyo kwanza amemjua.

Siku zilizofuata bibi alimsimulia wa nyuma. Limbende ni wa Nantindi, Nantindi ni wa Alukwa, Alukwa ni wa Nambuka. Baada ya Nambuka akakwama. "Vyungu vyao ningevigusa ningewajua," akasema. "Lakini tumevizika vyote. Tumezika mikono yao pamoja nao."

Kisha akaagiza kinu. "Kitwange hicho kigae, ukichanganye na udongo, ufinyange chungu chako."

"Bibi, jamani! Sina kingine cha mama."

"Kwa hiyo ukizaa mabinti watatu, nani apewe kigae na nani aambulie patupu? Na ukikiangusha mtoni? Twanga, mjukuu wangu. Humo hakipotei."

Namene akatwanga huku machozi yakimchuruzika. Kipande chenye mistari miwili alikiacha mpaka mwisho, akakishika sana, kisha nacho akakitia kinuni. Chungu kilipochomwa, vingine vya udongo mtupu vilivyochomwa pamoja nacho vilipasuka motoni, chake kikatoka kizima na ukikigonga kinalia. Ndipo Nantindi akajikongoja hadi mlangoni akiwa ameshikilia mhimili, akawataja wote, hadi Nambuka. Namene akamfunua mtoto. Jua likampiga usoni, akafumba macho, akapiga chafya. Akaitwa Limbende.

Na tangu siku hiyo, mwanamke wa milima hii akifa chungu chake hakizikwi. Kinavunjwa mlangoni pake, mabinti wanagawana vigae, na kila mmoja anavitwanga kwenye udongo wa chungu chake kipya, ndiyo maana vyungu vyetu havipasuki ovyo motoni.

Hicho unachokitwanga wewe, Tabu, ni chungu cha mama yangu. Ndani yake mna cha mama yake, na cha mama wa huyo, na humo humo mna chembe za kile kigae cha moto. Mimi mzee hivi, meno yameisha, na bado nikisikia mchi huo namtamani mama yangu. Kwa hiyo twanga taratibu, mwanangu, usimmwage.