Punda Aliyepeleka Maji Kwenye Boma la Zamani

Aliyeisimulia kwanza hadithi hii ni shangazi Ndunge, wakati wa kupura ndengu, mwaka uliofuata kile kiangazi kikali cha Kitui.

Hapo zamani Syombua, mama yake Ndunge, alikuwa na punda, Hodari, aliyemlea tangu akinyonya. Kisimani alimfungia mitungi, akampiga kofi la matako, na Hodari akaenda peke yake mpaka mlangoni, akalia apakuliwe.

"Syombua, punda huyo amemshinda mumeo!" wenzake walimtania.

"Mume wangu hata njia ya kisimani haijui," alijibu.

Hodari akazeeka. Akatetemeka miguu. Akasimama njiani kama mtu aliyesahau alikotumwa.

Nzioka, mumewe Syombua, akamwita daktari wa mifugo. Daktari akasema: "Ubongoni habari hupelekwa na kemikali, na uzee huzipunguza. Za kuendesha miguu zimepungua. Za kushika kumbukumbu mpya zimepungua pia. Ya zamani ndiyo yatakayobaki. Asitumwe peke yake."

Nzioka akayameza maneno hayo, hata mkewe asimwambie. Baba yake, Mzee Mwanzia, alikuwa ameshaapa: "Mnyama aliyeacha kazi ni wa mchinjaji."

Siku moja Mzee Mwanzia alishikwa na homa, akalilia maji. Kisimani Syombua aliiona miguu ya Hodari ikitetemeka, akampakia mitungi hivyo hivyo.

"Nenda, baba. Leo tu," alimnong'oneza punda, akabaki kuwachotea mbuzi.

Hodari hakufika. Jirani ndiye aliyemnywesha mzee. Hodari walimkuta kwenye boma walilolihama zamani, mbele ya mlango uliobomoka, amekufa kwa jua, mitungi ingali mgongoni.

Desturi ya ukoo ule ni hii: mwenye kosa hamziki mnyama, hukaa kando, ameshika kamba ya mnyama huyo. Lakini wote watatu, Syombua, mumewe na mkwewe, walikuja na majembe.

"Baba Ndunge, ulijua ukanyamaza," Syombua alimwambia mumewe. "Ningejua, ningemtuma?"

"Ningesema, angechinjwa. Na wewe macho hukuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Baba yako alikuwa anakufa kwa kiu."

"Mimi niliomba maji tu," alisema Mzee Mwanzia.

"Kiapo chako ndicho kilichonifunga mdomo, baba!" alisema Nzioka.

Mzee akainama. "Kiapo kile nilikirithi kwa baba yangu."

Kamba ikabaki chini.

Mzee Mwanzia amefariki, na Nzioka pia. Syombua yu hai. Hajafuga punda tena. Je, ninyi mnaosikiliza, nani alistahili kuiokota kamba ile?