Mzee Kingazi Juu ya Mfenesi

Aliyepanda kwa hasira hashushwi kwa amri. Mmeisikia leo, wajukuu zangu, na mnataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha Muheza waliishi Bi Saumu na mumewe, Mzee Kingazi. Siku ya kumwoza binti yao Rukia, nyama ilionekana haitatosha, na Bi Saumu akaagiza achinjwe beberu wa mumewe. Beberu huyo Kingazi alimlea tangu akiwa yatima, akimlisha kwa mkono, na mzee akikohoa, mbuzi alikuwa akimjibu.

Kingazi aliporudi kutoka kunyolewa, akaikuta ngozi imeanikwa uani. Alivua viatu, akapanda mfenesi nyuma ya nyumba akiwa na kanzu yake mpya.

Watu wa bwana harusi wakafika. Shehe akaketi, akamuulizia baba wa binti, akaonyeshwa juu.

Shekue, mdogo wake Kingazi, ndiye aliyetangulia. "Shuka, kaka. Wewe ni mtu mzima."

Kingazi akapanda tawi moja.

Shehe akasema kwa sauti ya mimbari, "Nakuamuru ushuke, watu wanakungoja."

Kingazi akapanda jingine.

Shekue akaona alegeze kidogo. "Basi njoo ule, kaka. Pilau imeiva, na ile nyama imelainika kabisa."

Hapo Kingazi akapanda mpaka kwenye vitawi vyembamba kama mpini wa jembe. Mti ukalia. Bi Saumu akashika kifua. Aliiona harusi ikigeuka matanga, na mkono uliotoa kisu ni wake.

Aliwaomba wote waende barazani. Akavuta kigoda, akaketi chini ya mti.

"Baba Rukia," akasema taratibu, "hivi yule mbuzi ulimpataje? Nimesahau."

Ikaja sauti kutoka juu: "Mama yake alikufa kwa mafuriko."

"Sikusikia vizuri. Masikio yangu ya siku hizi unayajua."

Kingazi akashuka tawi moja, akarudia. Bi Saumu akauliza mbuzi alikuwa akilishwa nini. Majibu yalikuwa marefu, na sauti ya Bi Saumu ikazidi kuwa ndogo, hata mzee akalazimika kushuka tena ili wasikilizane. Alisimulia jinsi beberu alivyokula kofia ya mjumbe. Bi Saumu akacheka, na Kingazi naye, bila kupenda, akacheka akiwa ameshafika tawi la chini.

Bi Saumu akaacha kucheka. "Nilikukosea, mume wangu. Alikuwa wako, nami sikukuuliza."

Kingazi akamtazama. "Ungeniuliza, ningekataa."

"Najua. Ndiyo maana sikuuliza. Hilo ndilo kosa lenyewe."

Mzee akanyoosha mkono. "Nishike basi, kanzu imenasa."

Akashuka, akamwoza binti yake kwa sauti isiyotetemeka. Karamuni alikula wali mtupu, nyama akaisogezea Shekue.

Shekue akamnong'oneza shemeji yake, "Sisi tulimwambia kila kitu. Wewe ulimwambia nini?"

"Mimi nilimuuliza," akajibu Bi Saumu. "Aliyepanda kwa hasira hashushwi kwa amri."