Manyoya Ndani ya Darubini

Avutaye sana huona manyoya.

Nimemwambia hivyo shangazi yenu aliyekataa posa ya Lutonja eti kijana anafyonza chai kwa sauti. Nanyi mnauliza manyoya yanaingiaje kwenye posa. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia kwenye mguu wa babu yenu.

Nyati mmoja alikuwa anajeruhi watu mashambani kwetu Sikonge. Babu yenu Kasanda na kaka yangu Mihambo, wawindaji wenye kibali, wakaombwa wamwondoe. Bunduki ilikuwa moja, ya Mihambo, nayo ilikuwa na darubini mpya. Ukizungusha pete yake, cha mbali kinavutwa karibu. Msalaba wa kulengea uliokuwa ndani yake ulikuwa mwembamba kama unywele.

Desturi yetu mwindaji alenge kibuyu kabla ya kuingia porini. Mihambo akakiweka kwenye kichuguu cha mbali, akavuta darubini hadi mwisho, akakipasua. Tukapiga vigelegele, mimi kuliko wote. Basi akaiacha pete palepale. Nani agusaye kitu kilichomletea sifa?

Lakini nyati hakukaa mbali kama kibuyu. Kasanda alikuwa mbele akifuata nyayo, mara mnyama akachomoka kichakani.

"Piga, shemeji!"

"Nipige wapi? Naona manyoya!"

"Ya bega au ya tako?"

"Manyoya tu! Hata msalaba siuoni, umepotelea humo!"

Nyati akamkumba Kasanda, akamwangusha. Hapo Mihambo akaondoa jicho kwenye darubini, akamwona mnyama mzima. Akamkimbilia, akaelekeza mtutu nyuma ya bega, akapiga. Nyati akaanguka, ila mguu wa babu yenu ulikuwa umeshavunjika.

Hospitalini Mihambo alimwinamia Kasanda kitandani, akalia bila kuficha. Akasema amechukua darubini nyingine, ya kuvuta kidogo, yenye msalaba mnene unaoonekana hata kichakani.

"Ile ya kwanza haina kosa," akasema. "Ni ya mbugani. Mimi ndiye niliyeipeleka kichakani."

Kasanda akautazama mguu wake, nami nikaogopa undugu umekwisha. Kisha akasema, "Shemeji, mbona umenisogelea hivyo? Unaniona mimi, au manyoya?"

Wakacheka mpaka muuguzi akawagombeza.

Nendeni mkamwambie shangazi yenu aweke kikombe pembeni, amtazame Lutonja mzima. Avutaye sana huona manyoya.