Kengele ya Boonlert

Mtu aliye mbele huona njia yote ni yake, kwa kuwa hawaoni aliowaacha nyuma. Anachosahau ni kwamba safari haina mshindi mpaka mguu ukanyage pale ulipokuwa ukienda. Ndiyo maana wahenga wakanena kuwa kutangulia si kufika. Boonlert wa Bang Krasan aliujua ukweli huo siku mwanawe alipovishwa utawa, na aliujua akiwa amesimama kwenye maji ya kifua.

Bang Krasan iko penye kizingo cha mto Chao Phraya, ambako minazi na michikichi ya matopeni imesimama katika kinamasi, na maji huingia na kutoka kama pumzi. Watu hupita juu ya vijia vya zege vilivyoinuliwa kwa nguzo, vyembamba kama mkeka wa mtu mmoja, na sehemu nyingi havina hata ukingo wa kushika. Waendao kwa miguu, wenye baiskeli, wachuuzi na vikapu vyao, wageni wa Jumapili kutoka ng'ambo ya mto, wote ni humo humo. Wawili wakikutana, sharti mmoja ajibanze. Kwa miaka mingi, anayejibanza hakuwa Boonlert.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba kama fito, na baiskeli yake ilikwenda kama mshale. Masika yaliyopita mgeni mmoja alitumbukia mferejini akimkwepa. Boonlert alimvuta, akampa taulo, kisha akawaambia watu, "Lakini kengele nilipiga." Maneno hayo yakawa utani wa kijiji. Mtu akimwaga mchuzi, husema, "Lakini kengele nilipiga."

Mkewe Phikul alifariki mwaka uliotangulia. Mwana wao pekee, Thanin, akaamua kuingia utawani kwa msimu wa mvua ili thawabu zake zimfikie mama yake. Huko kwao huaminika kwamba mzazi hupanda mbinguni akiwa ameshika pindo la joho la mwanawe. Kwa kawaida mama ndiye humkabidhi kijana joho hilo mbele ya watawa. Phikul hayupo, kazi ikabaki kwa Boonlert. Alilinunua joho mwenyewe, akalikunja mwenyewe, na usiku wa kuamkia siku hiyo usingizi haukumjia.

Asubuhi, ngoma zilipoanza kulia uani na Thanin, kichwa kimenyolewa na nguo nyeupe mwilini, akisubiri kuongozwa hekaluni, Boonlert alionekana akifunga furushi la joho kwenye keria ya baiskeli.

"Unakwenda wapi tena, mdogo wangu?" akauliza dada yake, Chamnian.

"Hekaluni. Ninyi mtazunguka barabara kubwa na ngoma zenu, mkicheza kila mlango. Mimi nakata kinamasini. Nikifika nikague mikeka, niwapokee langoni."

"Mikeka ina watu wake. Baba wa mtoto hutembea na mtoto."

"Dada, nitakuwa nimeshakunywa chai ninyi mkiwa bado darajani."

Chamnian alimtazama, akatikisa kichwa. "Hata kwenye shughuli ya mwanao unashindana. Sijui na nani."

Boonlert alicheka, akapanda, akaondoka.

Karibu na bustani za maembe alimkuta Mzee Uthit, jirani yake, naye akielekea hekaluni kwa baiskeli nzito iliyolia kama mlango mbovu. Boonlert akapiga kengele. Mzee akashuka, akaiegemeza baiskeli yake kwenye mti ulioinamia njia.

"Pita, kijana wa miaka hamsini," akasema. "Mimi napumzika hapa kwanza. Utuwekee nafasi kivulini."

"Ya mbele kabisa, mzee."

Mbele yake kulikuwa na kona ambayo majani ya michikichi yameifunga kama pazia. Mwenye busara hushuka hapo akaita. Boonlert alipiga kengele mara mbili, akakanyaga.

Nyuma ya pazia lile alikuwa Nuanchan, mpika vitamu vya nazi, amebeba sinia kubwa mikono miwili. Vitamu vile vilikuwa vya shughuli ya Thanin. Boonlert aliona sinia, akaona macho ya yule mama, akabana breki. Gurudumu likateleza juu ya ukungu wa kijani ulioota kwenye zege. Mkono wa usukani ukampiga Nuanchan ubavuni, na wote wawili, na baiskeli, na vitamu, wakaangukia kinamasini.

Boonlert aliibuka akitema tope. Nuanchan alikuwa amezama hadi mapajani, mguu mmoja umenasa kati ya mizizi, umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Hakupiga kelele. Alikuwa amekunja uso tu, akivuta pumzi kati ya meno.

"Dada Nuanchan, nisamehe. Kengele nili—"

"Kengele niliisikia, Lert," akasema taratibu. "Sasa ulitaka niende wapi?"

Boonlert alitazama juu. Njia ilikuwa nyembamba kama ilivyokuwa siku zote. Upande huu tope, upande ule tope.

Alijaribu kumnyanyua, akashindwa. Kila akimvuta, yule mama aliuma midomo hadi ikawa myeupe. Simu ilikuwa imemezwa na tope. Na maji, ambayo asubuhi yalikuwa chini, yalikuwa yamegeuka, yakipanda kimya kimya kutoka mtoni. Yalimfika Nuanchan kiunoni. Boonlert akapita nyuma yake, akamshika chini ya makwapa ili asiinamie mbele, akaanza kuita watu.

Aliyejibu hakuwa mtu. Zilikuwa ngoma. Zilisikika ng'ambo ya minazi, zikivuka daraja, zikielekea hekaluni.

Nuanchan naye alizisikia. "Mwanao huyo. Nenda, Lert. Hekalu si mbali. Utanitumia watu."

Boonlert aliliona furushi la joho, limekwama kwenye bua la mchikichi, likinywa maji machafu. Akayatazama maji yaliyokuwa yakilamba kifua cha yule mama. Mtu aliyekimbia maisha yake yote angeweza kukimbia tena. Miguu yake yenyewe ilitaka. Lakini alijua kwamba akimwachia, ataanguka kifudifudi.

"Siendi," akasema.

"Utakosa."

"Najua."

Wakabaki hivyo, yeye akiita mpaka sauti ikakauka, ngoma zikififia. Hatimaye ukasikika ule mlio wa mlango mbovu, na Mzee Uthit akatokea kwenye kona akiwa ameshuka, anaisukuma baiskeli yake, anaita, "Kuna mtu?"

Mzee hakuuliza kilichotokea. Aliwapazia sauti wakulima wa bustani iliyofuata, wakaja na mtumbwi na ubao, wakaukata mzizi, wakamlaza Nuanchan. Alikuwa ameushika mkono wa Boonlert na hakuuachia, basi Boonlert akapanda naye mtumbwini. Uthit akaendelea hekaluni kupeleka habari.

Boonlert alipofika hekaluni kutoka hospitali, tope lilikuwa limemkaukia usoni. Wageni walikuwa wakila. Thanin alikuwa ameketi jukwaani pamoja na watawa, amevaa joho la kuazimwa la hekalu, alilokabidhiwa na Chamnian. Uthit aliketi mbele kabisa.

Boonlert alipiga magoti, akamsujudia mwanawe kama desturi inavyotaka.

"Hali yake ikoje?" akauliza Thanin.

"Mguu umevunjika. Ataishi."

Thanin aliitikia kwa kichwa. "Tulikungoja langoni," akasema. "Mkuu wa hekalu akasema saa ya baraka haingoji."

Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma baba yake kama mwiba.

Mvua zilipokolea, wanakijiji walikutana wakakubaliana kwamba kila mwenye baiskeli ashuke kwenye kona, na majani yafyekwe. Boonlert ndiye aliyekuja na panga la kwanza. Alimpelekea Nuanchan chakula hadi alipoweza kusimama, na yule mama alimsamehe, ingawa mguu wake haukunyooka tena sawasawa. Kila alfajiri, watawa walipopita kupokea sadaka, Boonlert alisimama mlangoni, akamwekea Thanin wali katika bakuli. Lakini joho hukabidhiwa mara moja. Mkono uliolikabidhi ulikuwa wa Chamnian, aliyekwenda kwa miguu nyuma ya ngoma, akicheza kila mlango, na akawahi. Na yule aliyeondoka wa kwanza uani ndiye ambaye hakuwapo. Hakika, kutangulia si kufika.